"Hata mimi nilikuwa hivyo": mshauri rika, titi lililoundwa upya na maji ya mgongoni

Majina yameondolewa. Mji, hospitali, kazi za wahusika na tarehe vimeachwa au kubadilishwa ili hata jirani asitambue. Siku zinahesabiwa kuanzia siku ya upasuaji, ambayo ni siku ya 0. Mgonjwa tunamwita Bi. Z, na mshauri rika wake, yaani mwanamke aliyepita njia hiyo kabla yake na kufunzwa kumsindikiza mwingine, tunamwita Bi. R. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya washauri rika, wauguzi wanaowasimamia na familia zinazomuuguza mgonjwa nyumbani.

Wahusika na hali ilivyokuwa

Bi. Z ana miaka arobaini na ushei, ameolewa, mama wa watoto watatu. Titi lake la kushoto liliondolewa lote pamoja na tezi za kwapani, kisha akapata kemo na mionzi ya kifuani. Karibu miaka miwili baada ya mionzi aliamua kufanyiwa upasuaji rekebishi, yaani wa kuunda titi upya.

Ngozi iliyopigwa mionzi hukakamaa, haivutiki vizuri na hupona polepole. Ndiyo maana daktari hakutaka kuweka kifuko cha silikoni chini ya ngozi hiyo peke yake. Alichukua msuli mpana wa mgongo pamoja na kipande cha ngozi chenye umbo la jani, akaupitisha chini ya ngozi ya kwapa hadi kifuani ukiwa bado umeshikamana na mishipa yake ya damu, halafu akaweka kifuko kidogo cha silikoni chini yake. Msuli huu ulianza kutumiwa na daktari Mtaliano, Iginio Tansini, mwanzoni mwa karne ya 20, ukasahaulika, ukarudi kwa nguvu miaka ya 1970. Kwa kuwa mishipa haikatwi na kuunganishwa upya, upasuaji huu hauhitaji darubini, na kwa hospitali zetu nyingi hilo ni jambo kubwa.

Bi. R yuko katika miaka ya hamsini. Yeye aliundiwa titi miaka mitano kabla, lakini kwa ngozi na mafuta ya tumbo. Kovu lake liko chini ya kitovu, kutoka nyonga hadi nyonga, na mgongo wake haujaguswa kabisa. Mtaani njia zote mbili huitwa kwa jina moja, "kutengenezewa titi", na mtego wa kisa hiki umejificha ndani ya jina hilo.

Wote wawili walikuwa katika kikundi cha mashujaa wa saratani chenye wanachama kama thelathini, kinachoratibiwa na muuguzi wa kliniki ya saratani. Utaratibu wa kumtuma aliyepona amtembelee anayeanza si mpya. Terese Lasser aliuanzisha New York mwaka 1952, baada ya yeye mwenyewe kuondolewa titi na kukuta hakuna wa kumjibu maswali madogo ya kila siku. Kikundi hiki kilifuata mtindo huohuo kwa uwezo wake mdogo. Wanachama watatu tu walikuwa wameundiwa titi. Mmoja alikuwa amehama, wa pili alikuwa anaumwa. Akabaki Bi. R, ambaye pia alifanana na Bi. Z kwa dini, kwa asili ya pwani na kwa kuwa mke na mama. Mratibu alimchagua kwa hayo. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa hali iliyokuwepo, ila hakuna aliyekaa na Bi. R akamwambia waziwazi: mmefanana katika mambo haya, na katika hili la upasuaji hamfanani.

Kabla ya upasuaji

Walikutana mara mbili, mara zote nyumbani kwa dada yake Bi. Z, mbali na wodi. Mratibu alimpa Bi. R mipaka mitatu: asizungumzie dawa wala dozi, asitabiri matokeo, na "jambo lolote la kidonda" lipite kwa muuguzi. Mpaka huo wa tatu tutaurudia.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kuona. Bi. Z alikuwa ameangalia picha nyingi kwenye simu, karibu zote za wanawake wa Kizungu wenye makovu ya waridi. Alitaka kujua kovu linakuwaje kwenye ngozi kama yake. Bi. R aliuliza kwanza, "Unataka nikuoneshe, au nikueleze tu?" Bi. Z akasema aoneshwe. Mlango ukafungwa, vifungo vikafunguliwa, na kwa muda wa dakika tano hivi Bi. Z aliangalia na kuuliza. Swali lake kubwa halikuwa la sura. Aliuliza kama titi lile linahisi. Bi. R akamjibu kuwa hapana, sehemu kubwa ina ganzi hadi leo, na akiguswa hapo hujua kwa kuona. Kwa maoni yetu dakika tano hizo zilikuwa na thamani kuliko karatasi zote alizopewa kliniki, kwa sababu aliingia chumba cha upasuaji akijua anachokipata na asichokipata.

Kikao cha pili kilikuwa cha maandalizi ya nyumbani, na muuguzi alihudhuria ili aeleze habari za mgongo ambazo Bi. R hakuzijua. Walianza na nguo. Dera huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na mkono wa kushoto usingeweza kuinuka juu ya bega kwa takriban wiki mbili, kwa hiyo yalitengwa mashati matatu ya mume yenye vifungo mbele. Sidiria ikatafutwa laini, isiyo na waya, inayofungwa mbele. Mito minne: miwili ya nyuma ili mwili usibingirike usiku, mmoja wa kuegemeza mkono wa kushoto, mmoja wa kichwa. Kikombe chenye alama za mililita, daftari na kalamu vikawekwa kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko.

Halafu kazi. Karatasi ya hospitali ilisema "usinyanyue kitu kizito kwa wiki 6". Mtu akisoma hivyo huwaza gunia. Muuguzi alitaja kipimo, kilo 2, na Bi. R akakigeuza kuwa kitu cha dukani: pakiti ya sukari ya kilo mbili ndiyo mwisho wako. Msuli unaohamishwa ndio unaovuta mkono chini na nyuma, kwa hiyo kazi zinazoutumia zikatajwa moja moja: kusonga ugali wa familia, kukuna nazi, kuteka maji kwa kamba, kukamua mashuka, kupiga deki. Bi. Z alikuwa hajawahi kufikiri kwamba kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi moja ni "kitu kizito". Binti yake mkubwa akaanza kujifunza kusonga ugali wiki hiyohiyo.

Siku ya 0 hadi ya 13

Upasuaji ulichukua takriban saa nne. Aliwekewa mirija miwili ya kutoa majimaji, ambayo wauguzi huiita dreni, mmoja kifuani na mmoja mgongoni. Siku mbili za mwanzo wauguzi walikagua kipande cha ngozi kila mara: joto lake, rangi yake, na kinavyorudisha rangi baada ya kubonyezwa kwa kidole. Kikigeuka cheupe na baridi, huenda damu haiingii, na kikigeuka cha zambarau, huenda haitoki. Wakati huo Bi. R hakuingia wodini kabisa, na ilikuwa sawa. Alifika siku ya 3, akakaa robo saa.

Dreni ya kifuani ilitolewa siku ya 5. Siku ya 6 Bi. Z aliruhusiwa kwenda kwa dada yake akiwa na ile ya mgongoni. Kuanzia hapo Bi. R alipiga simu kila siku jioni, na daftari la dreni likawa mada ya kwanza ya kila simu. Kipimo kilichukuliwa saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Dada yake aliosha mikono, akashika mrija karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja ili usivutike, na kwa vidole vya mkono wa pili akautelezesha kuelekea kwenye kichupa ili kusukuma mabonge ya damu. Kisha alifungua kizibo, akamimina kwenye kikombe, akasoma alama akiwa amekiweka usawa wa macho, akaandika kiasi na rangi.

Siku ya 8 jioni daftari lilionesha mililita 15 tu, wakati siku mbili kabla yalitoka 110 kwa saa 24. Dada alifurahi kuwa maji yanakwisha. Bi. R hakufurahi. Akauliza, "Kichupa kimenywea au kimejaa kama puto?" Kilikuwa kimejaa hewa. Dada alikuwa amefunga kizibo bila kukiminya kwanza, na kichupa kisichominywa hakivuti kitu. Maji yalikuwa yakivuja pembeni ya mrija hadi kwenye bandeji. Kikaminywa, kikafungwa kikiwa kimebonyea, na kesho yake yakatoka 95. Hapa uzoefu wa Bi. R ulikuwa mahali pake hasa, kwa sababu kichupa ni kilekile, kiwe cha tumbo au cha mgongo.

Siku ya 7, kwenye simu ya video, Bi. R aliona Bi. Z ametoka kuoga na kujifunga kanga kifuani, fundo likiwa limekaza chini ya kwapa la kushoto. Mishipa inayolisha titi jipya inapita hapohapo kwapani. Muuguzi alikuwa ameeleza hilo katika kikao cha pili, na Bi. R alilikumbuka. "Fundo lishushe kiunoni, mdogo wangu, juu vaa shati." Hakuna kitu kilichoharibika. Ni tabia ambayo mwanamke wa pwani haifikirii hata kidogo, na hakuna karatasi ya hospitali tuliyoiona inayoitaja.

Siku ya 9 mama yake Bi. Z alifika kutoka nyumbani na nia moja: kumkanda mwanawe kwa maji ya moto, kama alivyomkanda uzazini. Kwa mila ni tendo la upendo, na kumkatalia mama mtu mzima ni kumvunjia heshima. Lakini ngozi ya titi jipya na ya mgongo kuzunguka kovu ina ganzi. Mtu mwenye ganzi haondoi mwili wake kwenye moto, kwa hiyo kitambaa ambacho mkono wa mama unakivumilia kinaweza kumtoa malengelenge asijue. Bi. R aliomba kuongea na mama. Alimsalimia, akamuuliza safari, akamwachia aeleze anavyotaka kufanya, kisha akasema: "Mama, ngozi ile ina ganzi, haitatuambia ikiungua. Naomba umkande miguu na bega la kulia, amelala upande mmoja siku tisa, viungo vimekauka." Mama alikanda miguu. Na kuanzia siku hiyo akawa mlinzi: shangazi alipokuja na chupa yake ya maji ya moto, mama ndiye aliyemzuia mlangoni.

Siku ya 10 Bi. Z alijiangalia kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Ngozi ya kifua ilikuwa imekuwa nyeusi kwa mionzi, na katikati yake kulikuwa na jani la ngozi ya mgongo, lenye rangi hafifu zaidi. Alimpigia Bi. R kabla ya saa ya kawaida. "Wameniweka kiraka, dada." Bi. R hakumwambia atazoea, wala kwamba ashukuru yu hai. Alinyamaza naye kwenye simu muda mrefu, kisha akamuuliza kama anataka waangalie pamoja kesho au aache kioo kwa wiki. Akachagua kuacha.

Siku ya 12 alisukuma mlango mzito na titi likaruka. Aliingiwa na hofu. Bi. R hakuwahi kuona jambo hilo, titi lake halina msuli wa mgongo. Alisema, "Hilo silijui, subiri nimuulize sista." Jibu lilikuja ndani ya saa moja: msuli umehama lakini mshipa wake wa fahamu bado uko hai, kwa hiyo unajikaza mkono unaposukuma. Hauna madhara, na kwa wengi hupungua.

Siku ya 12 na ya 13 dreni ilitoa mililita 25, kisha 20. Kigezo cha hospitali kilikuwa chini ya 30 kwa siku mbili mfululizo. Mrija ukatolewa siku ya 13, na siku ya 15 Bi. Z akapanda basi kurudi kwake, safari ya saa tano.

Siku ya 14 hadi ya 22

Msuli mpana unapotolewa mgongoni huacha uwazi mkubwa chini ya ngozi. Kuta zake mbili husuguana kila mara mtu anapogeuka au kuinua mkono, na hutoa majimaji. Dreni hufanya kazi mbili, hunyonya maji na huzivuta kuta zigusane ili zishikane. Ikitoka kabla hazijashikana vizuri, maji hurudi. Kwa upasuaji wa mgongo hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na hujitokeza hasa siku na wiki baada ya mrija kutoka.

Ratiba ya simu ilipangwa kinyume na ukweli huo. Simu zilikuwa za kila siku hadi dreni itoke, kisha mara mbili kwa wiki. Sababu ya kupunguza ilieleweka: Bi. R ana kazi na familia, na kutoka kwa mrija kila mtu huona kama hatari imepita. Hivyo macho yalipungua wiki ileile yalipohitajika zaidi.

Siku ya 18 Bi. Z alisema: "Dada, mgongoni kumejaa kama mfuko wa maji. Nikiinama nasikia yanatembea."

Bi. R akajibu: "Hata mimi nilikuwa hivyo, tumboni. Yalikaa kama wiki mbili yakaisha yenyewe. Usiwe na wasiwasi."

Kila neno lilikuwa kweli. Maji machache hunyonywa na mwili wenyewe. Lakini hakuuliza uvimbe una ukubwa gani, jana ulikuwaje, ngozi juu yake ina rangi gani, wala kama kuna homa. Na uvimbe wa tumboni mwake haukuwa na kifuko cha silikoni upande wa pili.

Simu iliyofuata ilikuwa siku ya 21. Bi. Z alisema uko vilevile. Haukuwa vilevile. Mume wake alikuwa ameshaona shati limetuna nyuma, na Bi. Z mwenyewe alikuwa ameacha kulala upande wowote isipokuwa kukaa akiegemea meza. Baadaye alieleza kwamba aliona aibu kulalamika juu ya jambo aliloambiwa halina wasiwasi.

Siku ya 22 usiku alianza kutetemeka. Kipimajoto kilisoma 38.4. Ngozi karibu na mshono wa mgongo ilikuwa imevutika, ikang'aa na kuwa ya moto. Saa 4 usiku mume alimpigia Bi. R, na Bi. R safari hii hakumweleza yaliyomkuta yeye. Alimpigia mratibu papo hapo.

Uamuzi wa usiku ule

Mratibu alimpata daktari mpasuaji kwa simu. Maswali mawili yalikuwa mezani: asafiri usiku huo kwa muda wa saa tano, au atobolewe hospitali ya karibu? Kumsafirisha na homa bila kuanza dawa kulikuwa na hatari. Kumtoboa mahali ambapo hawajui upasuaji wake kulikuwa na hatari nyingine: sindano ikielekezwa kifuani au kwapani ingeweza kutoboa kifuko au mishipa ya titi. Kuna jambo la tatu pia. Njia iliyopitishwa msuli chini ya kwapa inaunganisha uwazi wa mgongo na chumba cha kifuko. Usaha wa mgongo unaweza kupita humo, na kifuko kikishaingiwa na vijidudu mara nyingi lazima kitolewe.

Wakaamua atibiwe karibu, kwa maelekezo ya simu. Daktari wa zamu alielezwa achome mahali palipotuna zaidi, upande wa chini wa mgongo, mbali na mshono, kwa sindano ya mililita 50, baada ya kusafisha ngozi kwa dawa, na ncha isielekezwe juu kwapani. Kwa sababu ya ganzi Bi. Z hakusikia maumivu. Zilitoka mililita 280 za maji yenye ukungu, na sampuli ikapelekwa maabara. Antibayotiki ya mshipani ilianza usiku uleule. Asubuhi alisafirishwa kwa daktari wake akiwa na barua yenye kiasi kilichotolewa, rangi, dawa aliyopewa na saa aliyopewa.

Matokeo

Alilazwa siku tatu. Homa ilishuka siku ya pili. Siku ya 25 zilitolewa mililita 150, kisha 70 wiki iliyofuata, kisha 30, na siku ya 46 hakukuwa na cha kutoa. Kifuko kilibaki. Mshono ulishikilia. Mazoezi ya kupandisha vidole ukutani, ambayo yangeanza wiki ya tatu, yalianza ya sita, na bega likakakamaa kwa kiasi kilichohitaji miezi mitatu ya mazoezi ya viungo. Chuchu hakutaka kuundiwa, na hilo ni chaguo lake kamili.

Bi. R ndiye aliyeumia kimyakimya. Aliomba kuacha ushauri rika. Hakulala vizuri kwa wiki kadhaa na hofu ya saratani yake mwenyewe ilirudi. Mratibu alikaa naye wiki mbili baadaye, na tunaona alichelewa: mshauri aliyepitia usiku kama ule anahitaji kusikilizwa ndani ya siku mbili au tatu, na asisubiri mpaka aombe.

Kwa nini sentensi ile ilishinda maarifa

Linganisha siku ya 12 na siku ya 18. Titi liliporuka, Bi. R alisema hajui, akauliza, jibu likapatikana kwa saa moja. Mgongo ulipojaa, hakuuliza mtu. Yeye ni yuleyule, na simu ya muuguzi ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba kuruka kwa titi hakukufanana na chochote alichokipitia, na uvimbe ulifanana. Mshauri rika huteleza anapoona kitu kinachofanana nusu na cha kwake, kwa sababu nusu ile humpa uhakika wa kitu kizima. Mafunzo ya kikundi yalikuwa yamemwandaa kwa mambo asiyoyajua. Kwa mambo anayoyajua nusu hayakumwandaa.

Mpaka wa tatu nao ulikuwa na kasoro ya maneno. "Jambo lolote la kidonda" lilimfanya Bi. R afikirie mshono: umefunga, haunuki, hautoi usaha, basi kidonda ni kizima. Uvimbe chini ya ngozi iliyopona hakuuhesabu kuwa kidonda, na mtu yeyote asiye muuguzi angefanya vivyo hivyo. Kosa hilo ni la walioandika mpaka.

"Usiwe na wasiwasi" ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeikusudia. Mgonjwa aliyeheshimu mkubwa wake aliichukua kama agizo, akanyamaza siku tatu. Bi. Z alimwita Bi. R dada, na kwa malezi yetu mdogo harudii kulalamika pale mkubwa aliposhatuliza. Heshima hiyohiyo ndiyo iliyomwezesha Bi. R kumgeuza mama kwenye habari ya kukanda. Hatuwezi kuiondoa, ila mshauri anaweza kumalizia simu kwa kumpa mdogo wake ruhusa: "Likiongezeka hata kidogo kesho, nipigie, hata usiku."

Yaliyofaulu yana kitu kimoja cha pamoja: kichupa, kanga, pakiti ya sukari, miguu ya kukandwa. Yote ni mambo ya nyumbani ambayo hospitali haiyaoni, na yote yalikuwa ama ya kawaida kwa kila upasuaji wa titi, ama yameelezwa kwanza na muuguzi. Kioo pia kilifaulu, na hapo msaada ulikuwa kunyamaza na kumwachia achague.

Kilichobadilishwa katika kikundi

Mshauri sasa anapewa kadi ndogo yenye maswali ya kuuliza kabla ya kusema "hata mimi": wako ulichukuliwa wapi, mgongoni, tumboni au ni kifuko tu? Leo ni siku ya ngapi? Kitu hiki kinaongezeka au kinapungua tangu jana? Jibu likiwa "kinaongezeka", au kama upasuaji ni wa aina nyingine, simu inaenda kwa muuguzi siku hiyohiyo.

Neno "kidonda" limefutwa kwenye mipaka. Badala yake yameorodheshwa mambo ya kupiga simu mara moja, saa yoyote: joto la 38 au zaidi, uvimbe mpya popote kifuani, kwapani, tumboni au mgongoni, ngozi inayogeuka nyekundu, ya zambarau, ya moto au baridi, dreni inayotoa damu nyekundu ghafla au inayoacha kutoa ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi.

Simu hazipungui tena dreni ikitoka. Ni kila siku kwa siku tatu, kisha kwa kuruka siku moja moja hadi wiki mbili zitimie. Ili Bi. R au mwingine asichoke, simu hizo zinagawanywa kati ya washauri wawili wanaoandika kwenye daftari moja. Mgonjwa anayerudi mkoani huondoka na barua ya upande mmoja wa karatasi inayoeleza upasuaji gani umefanyika, kuna kifuko au hakuna, sindano isichomwe wapi, na namba ya daktari. Picha za mwili hazitumwi kwenye kundi la simu. Zinaenda kwa muuguzi peke yake, bila uso.

Bi. R alirudi baada ya miezi minne. Bi. Z alifunzwa mwaka mmoja baada ya upasuaji wake, na mwanamke wa kwanza kupangiwa alikuwa anaundiwa titi kwa ngozi ya tumbo. Alikwenda na daftari lake la dreni kwenye mkoba. Kabla hajalifungua alimuuliza, "Wako wanauchukua wapi, mdogo wangu?" Alipojibiwa tumboni, alimpigia Bi. R palepale ili waongee watatu.